Kigego wa Nguu na Mfalme wa Thebes

Mtoto aliyeota meno ya juu kabla ya yale ya chini alikuwa na kesi kabla hajajua kusema. Kwa Wazigua, Wanguu, Wabondei na Wasambaa wa zamani aliitwa kigego, na hukumu ya kigego haikuhitaji baraza: akiachwa akakua, jamaa zake watakufa mmoja mmoja, basi na afe yeye. Waliotekeleza hukumu hiyo hawakuwa watu wabaya kuliko sisi. Walipenda watoto kama watu wengine wanavyopenda watoto, ila waliamini kwamba neno limekwisha kusemwa mahali wasipofika wao, na kazi iliyobaki ni kulitimiza.

Mbega alikuwa kigego. Alizaliwa katika milima ya Nguu, nchi ambayo kiserikali ilikuwa chini ya Handeni mpaka mwaka 2002, Kilindi ilipofanywa wilaya. Wazazi wake walimficha. Walikuwa watu wa mali na heshima, wakaweza kuyazima maneno ya ukoo muda wote walipokuwa hai. Walipofariki, jamaa wakakataa kumgawia urithi. Wewe ni kigego, ulistahili kufa zamani, na misiba yote iliyotupata ni yako. Akatoka na mbwa wake, mikuki yake na dawa zake za uwindaji, na safari hiyo ikamfikisha kwa simba na kwenye ufalme wa Usambara. Habari hizo zimo katika Habari za Wakilindi, kitabu alichokiandika Abdallah bin Hemedi kwa Kiswahili mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, na J. W. T. Allen akakihariri na kukitoa upya mwaka 1962.

Aliyewahi kusoma tanzia ya Kigiriki atakuwa ameshamwona mtu mwingine nyuma ya Mbega. Oedipus naye alihukumiwa kabla ya kosa. Kauli ya mungu Apollo huko Delphi ilimwambia Laius, mfalme wa Thebes, kwamba mwanawe atamwua. Mtoto alipozaliwa alitobolewa vifundo vya miguu, akafungwa, akakabidhiwa mchungaji ili akatupwe mlima Cithaeron. Mchungaji akamhurumia, akampa mchungaji mwenzake wa Corinth, na huko mtoto akalelewa na mfalme Polybus kama mwanawe. Alipokuwa kijana aliisikia kauli ileile, tena na nyongeza kwamba atamwoa mama yake. Akaikimbia Corinth asije akamdhuru Polybus. Njiani akagombana na mzee mmoja mwenye gari, akamwua pamoja na watu wake. Akafika Thebes, akakitegua kitendawili cha Sphinx, jitu lenye uso wa mwanamke na mwili wa simba lililokuwa likiwaangamiza watu, akapewa ufalme na mjane wa mfalme. Sophocles, mtunzi wa Athens, aliutunga mchezo wa mkasa huu yapata mwaka 429 KK, na kwa Kiswahili upo tangu mwaka 1971, umetafsiriwa na S. S. Mushi kwa jina la Mfalme Edipode.

Mauaji yale ya mzee wa gari, ambaye ndiye Laius, yalitokea mahali njia tatu zinapokutana. Msomaji wa Handeni hahitaji kuchorewa. Segera ni pale pale, barabara ya Dar es Salaam, ya Tanga na ya Moshi zikikabana, na kila mtu wa mkoa huu wa Tanga anajua kwamba njia panda si mahali pa kusimama ovyo: ndipo watu wanapotupa yale wasiyotaka yarudi nyumbani.

Sitaki kuingia katika mabishano ya nani kamwiga nani. Watoto waliotakiwa wafe wakaja kuongoza watu wamo katika masimulizi ya mataifa mengi, tangu Musa ndani ya kisafina chake. Ninachotaka kujua ni kitu kingine. Mtoto ni yuleyule, huruma ni ileile, mnyama wa kushindwa yupo na kiti cha enzi kipo. Mbona basi Mwathene aliondoka kwenye tamasha akiwa na hofu moyoni, na Msambaa aliyesimuliwa Mbega jioni akaenda kulala akijua nchi yake ina mwenyewe?

Jibu jepesi ni kwamba Wagiriki walifungwa na majaaliwa na sisi tulitanguliza utu. Ni jibu la kujipendelea, na vigego waliouawa wanalikanusha. Mimi nadhani tofauti iko kwenye mkato: msimulizi alianzia wapi, na alinyamaza wapi.

Tuutazame mkato wa Sophocles. Tanzia ilichezwa mchana, uwanjani, kwenye mteremko wa kilima chini ya ngome ya Athens, katika sikukuu ya mungu Dionysus. Waigizaji walikuwa watatu tu, wanaume, wenye barakoa, wakigawana nafasi zote za watu wazima, malkia akiwemo. Pamoja nao walikuwepo waitikiaji 15 waliokuwa wakiimba na kucheza, ambao katika mchezo huu ni wazee wa Thebes. Kila jambo hutokea mbele ya mlango wa jumba la mfalme. Damu haimwagwi machoni pa watu. Kuna mjumbe, hutoka ndani au huja kutoka mbali, akaeleza alichokiona. Na watazamaji hadithi wanaijua. Hakuna aliyekwenda pale ili apate kujua kama Oedipus alimwua baba yake.

Masharti haya yanaonekana kama ufukara, kumbe ndiyo yaliyompa Sophocles makali. Kwa kuwa hawezi kutuonyesha njia panda wala mlima Cithaeron, yote yaliyopita hana budi kuyaleta kwa miguu ya watu. Tiresias, mwaguzi mpofu, anakuja na kipande chake na hataki kukitoa. Jocasta, malkia, anatoa chake akidhani anamtuliza mumewe. Mjumbe wa Corinth anakuja na habari njema: Polybus amefariki kwa uzee, kwa hiyo usiogope tena kwamba utamwua baba yako; na kama ni mama unamwogopa, usihofu, kwa maana hao hawakukuzaa. Karibu miaka mia moja baadaye mwanafalsafa Aristotle aliusifu mchezo huu kwa sababu ya pigo hilo hasa. Mtu anakuja kumwondolea mwenzake hofu na kwa maneno hayohayo anamfikisha kwenye kile alichokuwa akikihofia. Kugeuka kwa mambo na kutambulikana kwa mtu kunatokea kwa pamoja. Siku nzima watu wanasema tu. Makosa yalikwisha kutendwa miaka mingi nyuma.

Halafu analetwa mchungaji. Nakaa kidogo kwa huyu mzee, maana kwangu mimi yeye ndiye roho ya mchezo. Huyu ndiye aliyekabidhiwa mtoto akamtupe. Huyu huyu ndiye mtu pekee aliyenusurika siku Laius alipouawa njia panda. Na huyu huyu ndiye aliyerudi Thebes, akamwona muuaji amekalia kiti, akamshika Jocasta mkono akamwomba ampeleke mbali malishoni, mahali ambapo hatauona mji. Sophocles angeweza kutumia watu wawili au watatu, alimtwisha mmoja. Sasa mzee amezeeka, amesimama mbele ya mfalme, na hataki kusema. Mfalme anaamuru akunjwe mikono nyuma. Anaulizwa swali la mwisho: kama uliambiwa umwue mtoto, kwa nini ukampa mtu mwingine? Anajibu kwamba alimwonea huruma.

Neno hilo ndilo linalomwangusha Oedipus. Uovu una sehemu yake katika mkasa huu, lakini kilichoufanya uwezekane ni wema wa mtumwa mmoja, mlimani, peke yake, mbele ya kitoto kilichotobolewa miguu. Baadaye, Oedipus akiwa amejipofusha, anamlaani mtu aliyemfungua zile kamba, na wazee wa waitikiaji hawampingi. Wanaona ingekuwa heri mtoto angekufa.

Sasa turudi kwa mwindaji wetu. Mbega alipotoka kwao alifika Kilindi, akapokewa vizuri, akafanya urafiki mkubwa na mtoto wa mkuu wa pale mpaka wakachanjiana. Kijana akataka kufuatana naye porini kuwinda nguruwe. Nguruwe akamwua yule kijana. Mbega na wawindaji wenzake hawakuthubutu kurudi kutoa habari. Wakashika njia ya kaskazini wakaenda zao. Ili kuingia Usambara lazima waliuvuka mto Pangani, ule unaopita Korogwe ya leo, na kutoka bonde lile mtu akiinua macho anaiona milima imesimama kama ukuta. Wakapanda. Akawa anawapa wenyeji nyama ya nguruwe mwitu walioharibu mashamba yao, nao wakampa vyakula vya shamba. Akaamua kesi zao. Sifa zikamtangulia mpaka Vuga, huko juu ya Mombo, na alipokwenda kukaa nao akamwua simba. Tangu hapo wafalme wa Vuga wakaitwa Simba Mwene. Akaoa katika vijiji mbalimbali, na watoto wake wakawa watawala kwa wajomba zao. Ndoa, iliyomfedhehesha Oedipus, kwa Mbega ikawa njia ya kuwafanya wenyeji waseme huyu mtawala ni mtoto wa dada yetu.

Tazama sasa mahali msimulizi alipokata. Ukimsimamisha Oedipus siku ile aliyomshinda Sphinx na mji ukamshangilia, utapata hadithi ya Mbega bila kupungua kitu: mtoto aliyetupwa, mgeni asiye na kwao, mnyama, ufalme, mke. Ingekuwa hadithi ya kutawazia watu wafalme. Ndivyo ilivyotumika ya Mbega. Steven Feierman, mwanahistoria Mmarekani aliyefanya utafiti Usambara miaka ya 1960 na kutoa kitabu juu ya ufalme huo mwaka 1974, anaonyesha jinsi taratibu za kumtawaza mfalme mpya zilivyokuwa zikirudia kuja kwa Mbega. Mrithi aliletwa usiku kutoka Bumbuli na kuingizwa Vuga, kama yule wa kwanza alivyoingia. Yaani Vuga nayo ilikuwa na mchezo wake, wenye mhusika, njia ya kupita na waitikiaji wanaojua yote, ila uliishia kwenye shangwe.

Na kuna jambo moja kubwa halimo. Katika simulizi la Mbega hakuna siku ambayo watu wa Vuga wanakaa kumhoji juu ya meno yake. Hakuna Tiresias wa Kisambaa. Hakuna mjumbe aliyepanda kutoka Nguu kusema huyu mnayemwita simba kwao ni kigego, wala kutoka Kilindi kuuliza mtoto wa mkuu alikwenda wapi. Utambuzi, ule ambao Aristotle aliuona kuwa kilele cha tanzia, haukuruhusiwa kufika. Oedipus aliangamia kwa sababu alitaka kujua, na kila aliyemwambia acha, Jocasta akiwemo, alimsukuma mbele. Vuga walikuwa na njaa ya nyama na kiu ya hakimu. Wakamwangalia mtu kwa alichokileta mkononi, wakatosheka.

Je, hiyo ni hekima au ni kufumba macho? Nimebaki na swali hili muda mrefu. Siku nyingine naona Vuga walikuwa na akili kuliko Thebes yote: mtu ni anavyokaa na watu. Siku nyingine namfikiria yule mkuu wa Kilindi, aliyengoja jioni, akangoja na kesho yake. Kwa jamaa wa Nguu, kifo cha yule kijana ni ushahidi, hatukuwaambia? Hadithi haikuwajibu. Iliwaacha nyuma tu, ng'ambo ya mto, ikaendelea na safari. Halafu ukoo mzima wa kifalme ukaitwa Wakilindi, ukabeba kwa fahari jina la mahali ambapo mwanzilishi wake alikimbia bila kuaga.

Lakini mkato wa furaha haukudumu, na aliyeuondoa ni Abdallah bin Hemedi mwenyewe kwa kuendelea kuandika. Angeishia kwa Mbega tungekuwa na kitabu kidogo cha sifa. Aliendelea mpaka kwa Kimweri ye Nyumbai, mfalme ambaye mmisionari Krapf alimtembelea mwaka 1848 na msafiri Burton akamkuta ameshakuwa kikongwe mwaka 1857. Kimweri alikufa mwaka 1862. Mrithi wake, Mshuza, alikuwa ametangulia kufa, kwa hiyo kiti kikamwangukia mjukuu, Shekulwavu, kijana miongoni mwa baba zake wadogo na wakubwa ambao kila mmoja alikuwa na nchi yake. Mmoja wao, Semboja, alikuwa amekaa Mazinde, ambayo leo ni ya wilaya ya Korogwe, chini kabisa kwenye njia ya misafara ya bonde la Pangani. Vuga ilikuwa na heshima, mvua na makaburi. Mazinde ilikuwa na bunduki.

Msomaji wa Sophocles anajua kinachofuata, kwa sababu Thebes nayo iliwaona wana wawili wa Oedipus wakigombea kiti na kuuana. Mwishoni mwa miaka ya 1860 Vuga ilivamiwa ikachomwa moto. Shekulwavu akakimbia, na katika kulipiza akawachochea Wabondei wainuke. Maasi yale yaliitwa Kiva, na katika Bonde Wakilindi waliuawa kwa sababu moja tu, kwamba ni Wakilindi. Shekulwavu hakuishi sana baada ya hapo. Semboja naye alishinda lakini hakupanda kukalia kiti: alimweka Vuga mwanawe Kimweri Maguvu, yeye akabaki Mazinde na biashara zake. Watu wakakamatana na kuuzana, mashua za pwani zikabeba.

Wasambaa walikuwa na kauli ya kisiasa iliyo wazi kuliko nyingi nilizozisoma: kuna mfalme anayeiponya nchi na kuna anayeiharibu. Mvua ni ya mfalme, na mvua hainyeshi vizuri penye nguvu mbili zinazolingana zinazoshindana. Nguvu ikikutana na nguvu, njaa huingia. Mfalme Edipode unaanza na jambo hilohilo. Nchi imeharibika, mazao yanakauka, mifugo inakufa, wanawake wanazaa maiti, na watu wamekaa kwenye ngazi za jumba na matawi mikononi wakimwomba mfalme aiponye. Watazamaji wa kwanza hawakuhitaji kuambiwa tauni ni nini. Ilikuwa imeingia Athens mwaka 430 KK na kuua watu wasiohesabika. Kejeli ya mchezo ni kwamba mganga anayeitwa ndiye ugonjwa wenyewe.

Ukiupeleka mkato mbele mpaka siku Vuga inaungua, basi, nyumba iliyoanzishwa na mtoto aliyehukumiwa kwa kuzaliwa kwake inaishia na watu wanaouawa kwa kuzaliwa kwao. Sophocles asingeweza kupanga vizuri zaidi. Lakini huoni tanzia hiyo ukisoma sura za mwanzo peke yake, kama vile usingeiona ya Oedipus siku ya harusi yake.

Nimesema mjumbe ni nguzo ya tanzia ya Kigiriki. Abdallah ni mjumbe wetu. Alikaa katika baraza la Semboja, akaona mengi kwa macho yake na mengine akayapata kwa waliokuwepo. Kitabu chake kimejaa watu wanaosemezana, maneno ya huyu na majibu ya yule, mpaka unaweza kukigawa kwa wahusika bila taabu. Watakaosema kwamba hafai kuaminiwa kwa kuwa alikula na Semboja wasisahau yule mjumbe wa Corinth. Naye alikiri bila aibu kwamba alikuja Thebes akitumaini kupata chochote Oedipus akirudi kutawala kwao. Sijawahi kukutana na mjumbe asiye na nauli ya kurudishiwa. Kazi ya msikilizaji ni kusikiliza na hilo pia.

Hapa nina neno na shule zetu. Tumezoea kuichana tamthilia kwa orodha: dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa ya mwandishi, kufaulu kwake na kutofaulu kwake. Mwanafunzi anaingia chumba cha mtihani akiwa na ujumbe sita mfukoni. Kwa tamthilia nyingi zetu njia hiyo inavumilika, kwa sababu ziliandikwa zikiwa na la kufundisha. Ebrahim Hussein aliivunja mwaka 1969 alipoandika Kinjeketile. Mganga aliyetoa neno likamzidi nguvu hana ujumbe wa kuandika kwenye daftari, ana kilio. Oedipus ndivyo alivyo. Mwalimu akiuliza kosa lake ni nini, darasa litajibu hasira, au kiburi, au haraka. Hasira alikuwa nayo, ni kweli. Lakini wenye hasira wako wengi na hawakumwoa mama yao. Kosa lenyewe halilingani na adhabu, na mchezo uliandikwa ili tukae na kutolingana huko bila kutafuta dawa yake. Anayetafuta somo la maadili pale atatoka na kitu kidogo sana: usigombane njia panda.

Hata hivyo sikubaliani na wazee wa Thebes. Wanaona huruma ya mchungaji ilikuwa balaa kwa sababu wanauangalia mwisho. Mchungaji hakuuona mwisho. Aliona miguu inayovuja damu. Kama wema utangoja hesabu ya miaka thelathini ndipo uitwe wema, hakuna mtu atakayemnyanyua mtoto chini. Na hesabu yenyewe wameikosea. Aliyeanza kuiharibu Thebes ni yule aliyetoboa vifundo. Laius angemlea mwanawe, wangekutana njia panda wakitambuana, mtoto angempisha baba yake barabara kama watoto wote wenye adabu. Kauli ya Delphi ilitimia kwa sababu watu waliikimbia kwa ukatili. Nguu vilevile: jamaa walimfukuza Mbega ili kuukwepa msiba, na walichokwepa ni kuwa na mfalme katika ukoo wao.

Lakini sijidanganyi kwamba hoja hii inalimaliza jambo. Yule kijana wa Kilindi bado amelala porini, na kila ninapomtetea Mbega namruka. Kumwambia baba yake kwamba rafiki wa mwanawe baadaye aliwaletea Wasambaa amani kungekuwa utovu wa adabu. Maana ya maisha ya Mbega ikitazamwa kutoka Vuga ni baraka, ikitazamwa kutoka Kilindi ni deni, na ikitazamwa kutoka majivu ya Vuga ile ya Shekulwavu sijui niiteje. Hakuna kilima cha juu zaidi ambako mtu anaweza kusimama akaziona pande zote tatu kwa mara moja. Tanzia, kama sanaa, ni ukaidi wa kukataa kuchagua upande mmoja ili tulale.

Kwa hiyo nina ombi kwa waandishi wa tamthilia, hasa vijana wanaosoma ualimu na sanaa Korogwe na Handeni. Habari za Wakilindi imejaa michezo. Anayetaka kuiandika asianze na meno ya Mbega akaja taratibu mpaka kwa simba. Hiyo ni hadithi, na imeshasimuliwa vizuri. Aanze siku moja Vuga, moshi ukionekana mabondeni, Shekulwavu akiwa kijana mbele ya mlango. Waitikiaji wawe wazee wa Vuga, wale wafung'wa waliokuwa wakiwashauri wafalme kizazi baada ya kizazi na wakajua mengi kuliko waliyoyasema. Waigizaji watatu wanatosha. Vita isionekane, aje mtu kuieleza. Na kabla jua halijazama, aje mzee kutoka Kilindi, amechoka kwa njia, mwenye swali moja alilorithi kwa babu zake. Mchezo huo uchezwe Korogwe kwanza, Dar es Salaam baadaye. Watazamaji wa Korogwe wataijua hadithi kabla mwigizaji hajafungua kinywa, kama Waathene walivyoijua yao.